Alikataa watoto au alikataa karatasi?

*Barua za wasomaji na majibu ya Bibi, Kikwajuni*

Bibi, shikamoo. Kaka yangu anaishi Ohio, Marekani, tangu 2001, na mwaka huu alikuja kula sikukuu nyumbani. Usiku wa sikukuu pili tumekaa uani, kahawa na kashata, mazungumzo yakaingia siasa. Kaka akasema yuko mbunge wa jimbo analoishi ambaye hamsamehe mpaka anaingia kaburini, kwa sababu mwaka 2007 alipiga kura kuwanyima watoto bima ya afya. Mwanawe wa kwanza, kazaliwa kulekule, alikuwa na pumu na akitibiwa kwa bima hiyohiyo. Habari yenyewe aliisikia kwenye tangazo la redio ndani ya gari akienda kazini, tena si mara moja. Mume wangu anasomesha uraia skuli. Akamjibu, "Shemegi, matangazo ya siasa yote uongo, umedanganywa mchana kweupe." Basi hapo! Kaka akasukuma kikombe, akaingia ndani. Asubuhi yake kasafiri, na mkono walipeana kwa sababu mama alikuwa amesimama mlangoni anawatazama. Nani kati yao mkweli?
*Dada mtu, Wete*

Marahaba mwanangu. Kwanza nikugombeze wewe. Wanaume wawili wanazozana, kashata zimo kwenye sahani, na wewe hukutafuta hata la kuwaziba midomo?

Sasa tuje kwenye kesi. Barua yako imenigusa penye kovu, maana wabunge haohao wa kaka yako nami niliwahi kuwasingizia, tena mbele ya nchi. Mwaka 2007 nilikuwa mfasiri wa habari katika redio moja ya hapa mjini. Siku yenyewe Ijumaa, mfunguo mosi haujafika kati, nimefunga sita zangu na nyumbani vileja vya sikukuu bado vimo koponi. Nimeingia kazini alfajiri, habari za Marekani zimeshushwa usiku, zinanisubiri. Nikasoma mistari minne ya juu, nikaandika kichwa: "Wabunge wa Marekani wakataa bima ya afya ya watoto." Kilinikaa vizuri mdomoni. Kikasomwa taarifa ya asubuhi.

Mhariri wetu alikuwa mzee wa Chake, mtu ambaye kusoma kwake ni mpaka avue miwani. Saa tatu akaniita, miwani mkononi. "Wamekataa bima, au wameshindwa kumpindua rais aliyeikataa?" Nikamwambia, mzee, si yaleyale? Akanirudishia karatasi yangu. "Kama yaleyale, basi andika hilo la pili."

Nilikaa nalo hilo la pili mpaka karibu na adhana ya Ijumaa. Halikuwa na utamu wa lile la kwanza na lilikuwa refu mara mbili. Lakini ndilo lililokuwa limetokea. Na nikikwambia limetokea nini, utaona kaka yako na mumeo kila mmoja kashika upande mmoja wa khanga ileile.

Bima yenyewe ilianzishwa 1997, wakati wa Rais Bill Clinton. Waliosimama nayo katika Seneti walikuwa Edward Kennedy wa Democratic na Orrin Hatch wa Republican, watu wa vyama viwili visivyoiva chungu kimoja. Walengwa walikuwa watoto wa katikati: wazazi wao hawakuwa maskini wa kuingia katika matibabu ya serikali ya watu wa kipato cha chini, yale yanayoitwa Medicaid, na wala hawakuwa na uwezo wa kumnunulia mtoto bima ya binafsi. Serikali kuu inatoa fedha, kila jimbo linaongeza fungu lake na kuuendesha mpango kwa namna yake. Sheria ilipewa umri wa miaka kumi, ikifika mwisho tarehe 30 Septemba 2007. Kufikia hapo watoto zaidi ya milioni sita walikuwa wakiitegemea, mpwa wako akiwamo.

Kwa hiyo mwaka ule swali halikuwa "watoto wawe na bima au wasiwe nayo." Swali lilikuwa karatasi ipi. Mpango ulikuwa ukipata kama dola bilioni 5 kwa mwaka, yaani bilioni 25 kwa miaka mitano. Rais George W. Bush alitaka ziongezwe bilioni 5, ziwe 30. Bunge likapitisha mswada uliopewa namba H.R. 976 wa kuongeza bilioni 35, ziwe 60, na fedha zitoke kwenye kodi ya sigara: senti 61 zaidi kwa kila pakiti, kodi ifike dola moja. Tarehe 3 Oktoba Bush akaukatalia saini. Sisi kwenye habari tunaita kura ya turufu, na wacheza karata mnaijua turufu inavyolala juu ya karata nyengine zote. Kuibandua kunahitaji thuluthi mbili ya wabunge wanaopiga kura. Tarehe 18 Oktoba wakapiga kura: 273 wakataka turufu iondoke, 156 wakasema ibaki. Zilipungua kura 13. Wa Republican 44 walikwenda kinyume na rais wao, na wa Democratic wawili walikwenda kinyume na wenzao.

Hizo ndizo "Wabunge wakataa bima ya watoto" zangu mimi. Waliotaka bima ipanuliwe walikuwa wengi kwa zaidi ya kura mia. Msikilizaji wangu wa Makunduchi, yuko shamba na redio yake ya betri, kaondoka na picha iliyopinduka.

Sasa tangazo. Siku zile makundi ya wanaharakati na vyama vya wafanyakazi walinunua nafasi za redio na televisheni katika majimbo ya wale waliobaki na Bush. Yalikuwamo yenye sauti ya mama, anazungumza taratibu kama anayekunong'oneza jikoni, anakwambia mbunge wako anasema hivi lakini watoto wagonjwa anawafanyia vile. Tangazo kama hilo halina nafasi ya namba. Sekunde thelathini, mwanangu, hata uji haujachemka. Ndani yake "amekataa mswada huu, kwa kiasi hiki, kwa kodi hii" hugeuka "amekataa watoto." Mbunge huyo anaweza kuwa alikataa kodi ya sigara kwa kuwa jimbo lake linalima tumbaku. Anaweza kuwa alichukizwa na majimbo yaliyokuwa yakiwaingiza watu wazima katika bima ya watoto, na yalikuwapo kweli. Au alimuogopa rais wake, nalo limo. Na lipo ambalo tangazo halikumwambia kaka yako: Disemba ya mwaka uleule ulikuja mswada wa kuuongezea mpango umri mpaka Machi 2009 bila ya ule upanuzi, na katika Baraza la Wawakilishi la Marekani 411 wakaukubali, watatu tu wakaukataa. Hesabu haidanganyi: wengi wa wale 156 wamo ndani ya 411. Mpwa wako hakuamka siku moja akakuta kadi yake haifanyi kazi.

Mumeo asije akachinja kuku lakini. Mwambie akae, maana neno "uongo mtupu" nalo halikupimwa.

Nichukulie mfano wa nyumbani kwako, namba nimezipunguza zikae mkobani. Mwaka jana mumeo alikupa laki moja ya nguo za sikukuu za watoto. Mwaka huu umemwambia unataka laki mbili na arubaini, yeye kakupa laki na ishirini. (Uwiano huo ni uleule wa Washington, nimekaa na kikokotozi.) Ukienda kwa jirani ukasema "baba watoto kapunguza," umemzulia. Kaongeza, mchana na usiku. Lakini ikiwa kitambaa kimepanda na fundi kapandisha mshono, laki na ishirini haikufikishi hata kwenye magauni ya mwaka jana, basi mtoto mmoja wa mwisho atavaa la zamani, na ukimwonesha hesabu hataitazama. Ndivyo ilivyokuwa. Wakokotozi wa bajeti wa Bunge la Marekani lenyewe, watu wasio wa chama hiki wala kile, walisema bilioni 5 za nyongeza za Bush hazitoshi kuwabakisha hata watoto waliokwishamo, kwa vile matibabu yanapanda bei kila mwaka. Kwa hiyo anayesema "wamepunguza" kapotoa namba. Na anayesema "tumeongeza" kanyamazia watoto ambao wangetoka. Kaka yako alikuwa na mtoto anayepumua kwa pampu ya dawa. Hofu yake haikuundwa na redio.

Upande wa pili nao walikuwa na yao, usidhani. Bush mwenyewe alisema mswada utawapa bima ya serikali watu wanaopata mpaka dola 83,000 kwa mwaka. Ukilisikia unajiuliza, hao si matajiri hao? Chanzo chake ni jimbo moja, New York, lililoomba ruhusa ya kupandisha kiwango kwa familia ya watu wanne, na serikali ya Bush huyohuyo ilikuwa imeshalikatalia ombi hilo Septemba. Mswada haukumwamuru mtu kukifikia kiwango hicho. Wengine wakavumisha kwamba bima itakwenda kwa wahamiaji wasio na vibali. Ubishi wa kweli ulikuwapo, juu ya namna ya kuhakiki uraia wa anayeomba, kama namba ya hifadhi ya jamii inatosha au lazima vyeti. Lakini mswada ulikuwa na kifungu kinachokataza fedha za serikali kuu zisiende huko. Ubishi wa dirishani ukapigiwa baragumu kama nyumba nzima imebomolewa. Na aliyepiga kura ya ndiyo naye hakusalimika: kwa wapinzani wake alikuwa "mbunge aliyekuongezeeni kodi." Kura moja, mtu mmoja, dakika chache: ukitaka anaua watoto, ukitaka anakausha mifuko.

Hukumu yangu, kwa kuwa umeiomba. Kaka yako hakudanganywa kuhusu kura. Mbunge akiwa mmoja wa wale 156, aliipiga. Kadanganywa kuhusu maana ya kura. Mumeo amesema kweli kwamba tangazo lilipotoa, akakosea kudhani kuwa kupotoa na kuzua ni kitu kimoja. Anayezua unamkamata mara moja. Huyu wa kupotoa anakupa kipande cha kweli ukishike wewe mwenyewe, ndiyo maana miaka yote hiyo kaka yako hajakiachia.

Mpigie simu umwambie hivi: Marekani kura ya mbunge huandikwa kwa jina. Atafute kura ya H.R. 976 ya tarehe 18 Oktoba 2007, kisha ile ya Disemba, aziweke pamoja amtazame mbunge wake kaangukia wapi mara zote mbili. Chuo Kikuu cha Pennsylvania nacho kina kituo kinachoitwa FactCheck.org, tangu 2003, kazi yake ni kuyapekua matangazo ya namna hii ya vyama vyote. Na ule upanuzi walioupigania ulikuja kupita: Rais Barack Obama aliutia saini tarehe 4 Februari 2009, na Aprili mosi kodi ya sigara ikafika dola moja na senti moja. Akishasoma yote hayo na bado hataki kumsamehe mtu wake, hiyo haki yake. Lakini shemegi yake amsamehe.

Bibi, mimi kijana wa Chwaka. Umewahi kuandika kwamba huko Marekani tangazo la dawa ya meno likisema uongo kampuni inatozwa faini. Mbona ya siasa hayashitakiwi?

Kwa sababu dawa ya meno haigombei. Kule ipo Tume ya Biashara ya Shirikisho inayowashughulikia wauza bidhaa. Maneno ya siasa yamekaa chini ya kinga ya uhuru wa kusema, na mahakama zao huogopa kuipa serikali kazi ya kuamua nani mkweli wakati wa kampeni. Tena sheria yao ya mawasiliano ya 1934 inakikataza kituo cha redio au televisheni kulikatakata tangazo la mgombea mwenyewe wa nafasi ya kitaifa. Hata kama mwenye kituo anajua ni uongo, analirusha. Tangu sheria ya 2002, mgombea huyo lazima aseme kwa sauti yake kwamba ameliidhinisha. Matangazo ya makundi mengine kituo kinaweza kuyakataa, na mengi ya yale ya 2007 yalikuwa ya makundi. Lakini yanaleta fedha, kijana wangu. Umeshamwona mwenye duka anayemkatalia mteja wa jumla?

Assalamu alaykum Bibi. Sisi wazee wa barza ya Jang'ombe tumeletewa sauti kwenye simu, imeshapita makundi manne. Inasema mwakilishi wetu "alinyoosha mkono Barazani kuifuta Toto Afya Kadi." Vijana wanataka kumzomea akija mazikoni. Nikawaambia ngojeni nimuulize Bibi.

Waalaykumu salaam. Umefanya la maana, hasa hapo pa mazikoni. Mtu huzomewa penye mkutano, si penye jeneza.

Sauti hiyo sijaisikia na wala usiniletee, simu yangu imejaa. Ila kwa hayo uliyoyaandika inatosha. Toto Afya Kadi ilikuwa ya NHIF, ule mfuko wa bima wa Dodoma. Mzazi alikuwa akilipa shilingi 50,400 kwa mwaka, mtoto akitibiwa. Mwaka 2023 mfuko ukasimamisha kumwandikisha mtoto mmoja mmoja, ukataka watoto waje kwa makundi kupitia skuli. Sababu waliyoitoa ni kwamba wazazi wengi walikuwa wakimwandikisha mtoto akishaumwa, na mfuko wa wagonjwa watupu haujazi kapu. Unaweza kukubaliana nao au usikubaliane, na wazazi wengi walilia. Lakini ulikuwa uamuzi wa mfuko. Haukupigiwa kura Chukwani, kwenye Baraza letu la Wawakilishi.

Wala usingeweza. Afya si jambo la Muungano. Baraza la Wawakilishi linatunga sheria za afya za Zanzibar na kupitisha bajeti ya wizara yetu. NHIF ni ya sheria ya Bunge la Muungano. Mwakilishi wenu kunyoosha mkono kuifuta Toto Afya ni sawa na mimi kupiga kura kumwondoa imamu wa msikiti wa Konde. Sisi 2023 tumetunga sheria yetu, tukaanzisha Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, na huo ndio mlitakiwa mumuulize: aliuchangia nini, alisema nini ulipojadiliwa, anasemaje juu ya michango. Mwulizeni hayo uso kwa uso.

Hapa lakini nikwambieni shida yetu ambayo kaka wa Wete kule Ohio hanayo. Yeye akitaka kujua mbunge wake alipiga kura gani, jina liko kwenye orodha. Barazani mara nyingi mwenyekiti anahoji, wanaokubali wanajionesha, wanaokataa wanaulizwa, na Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za vikao, inaandika "waliokubali wameshinda." Nani alikubali na nani alinyamaza, karatasi haisemi. Kwa hiyo mtu akikwambia "fulani alinyoosha mkono" siku fulani, muulize kaonaje. Alikuwamo ukumbini? Alitazama televisheni, na kamera siku hiyo ilikuwa imemwelekea nani? Lililobaki kwenye Hansard ni maneno ya aliyesimama kuchangia, na hayo yanasomeka, yapo hata mtandaoni. Nimezisoma nyingi katika kazi yangu, usiku, na chai ya tangawizi. Zinachosha. Lakini mtu husema huko mambo ambayo akija jimboni hayakumbuki.

Mwambieni aliyeileta sauti awatajie tarehe ya kikao na jina la mswada. Akiwa nazo, niandikieni tena, nitaisaka mwenyewe. Akiwa hana, basi mmwagizie kahawa, mwendelee na bao lenu.

*Dada wa Wete: nimekuandikia kwa mkono kura zote mbili, tarehe na hesabu zake, karatasi moja, upande mmoja. Nimempa mpwa wangu anayepanda boti ya Mkoani Jumamosi. Ataiacha dukani kwa fundi cherehani wa karibu na soko la Wete, wewe mwambie tu "ya Bibi." Nakala nyengine mpigie picha kaka yako umtumie. Na mumeo asiisome kwa sauti mbele ya wanafunzi kabla hawajapatana.*